Mabishano na Wasio na Jina kwenye X: Tathmini ya Mnunuzi wa Mega wa Goma

Huduma ninayoitathmini hapa haina duka, haina bei iliyobandikwa ukutani wala mhudumu wa kulalamikiwa, lakini wakazi wengi wa Goma wenye simu za kugusa wamekwisha kuinunua, na baadhi yetu tunainunua kila juma. Ni majibizano ya hadharani na watu tusiowajua. Unafungua X, unakuta mtu mwenye picha ya simba na jina lililojaa tarakimu ameandika jambo kuhusu mji wako ambalo unajua si kweli, unamjibu, naye anakujibu, na mega (bando la intaneti) ulizonunua asubuhi kwa ajili ya kazi zinakwisha kabla ya saa sita mchana. Nimechagua X kwa sababu ndiko ninakokuta ubishi mwingi kuhusu siasa na vita vya Kivu. Mitandao mingine nitaigusa pale tu inaposaidia kulinganisha. Maswali yangu ni yale ambayo mtu angeuliza kuhusu bidhaa yoyote katika Soko la Virunga: ninalipa nini, ninapewa nini, na je, kitu hicho hicho hakipatikani kwingine kwa bei nafuu?

Tuanze na bei, kwa kuwa ndiyo inayofichwa. Mega ni sehemu ndogo ya gharama: maandishi hayali nyingi, ingawa video ambazo kila mbishi huzileta kama ushahidi huzimaliza haraka kuliko mtu anavyodhani. Gharama nzito ni saa za jioni, usingizi, na hasira ambayo mtu huenda nayo mezani akawamwagia watoto wasiohusika. Nyuma ya hizo kuna gharama nyingine ambayo wateja wengi hawaioni, nayo ni kwamba jibu lako lina thamani ya fedha kwa watu wengine. Tangu mwishoni mwa 2022 X inauza tiki ya buluu kwa yeyote anayeilipia, mwanzoni kwa dola 8 kwa mwezi, na majibu ya wenye tiki hiyo hupandishwa juu ya majibu ya wengine. Julai 2023 kampuni ikaanza kuwagawia baadhi yao mapato ya matangazo yaliyoonyeshwa katikati ya majibu waliyoyapata. Mwaka 2024 hesabu ikabadilishwa, malipo yakaanza kufuata jinsi wateja wengine wanaolipia wanavyoshughulika na maandishi hayo. Kwa vyovyote vile, mchokozi aliyeandika uongo kuhusu Goma anaweza kulipwa kwa sababu watu wa Goma wamekasirika. Anayemjibu anafanana na mtu anayesukuma tshukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, iliyojaa makaa ya jirani yake kutoka Sake hadi sokoni, kisha akamlipa jirani huyo kwa ruhusa ya kusukuma.

X haiko peke yake katika biashara hii. Nyaraka za ndani za Facebook zilizotolewa hadharani na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wake, mwaka 2021 zilionyesha kwamba kuanzia 2017 alama ya hasira ilipewa uzito mara tano ya alama ya kupenda, wakati programu ilipokuwa inaamua ni maandishi yapi yasogezwe mbele ya macho ya watu. Uzito huo ulipunguzwa hatua kwa hatua hadi ukawa sifuri mwaka 2020, baada ya watafiti wa kampuni yenyewe kuonya kwamba maandishi yenye kukasirisha yalikuwa na mwelekeo wa kubeba uongo na matusi. Ninaitaja habari hii si kwa kuwalaumu wahandisi wa mbali, bali kwa sababu inamweleza mteja jambo muhimu kuhusu bidhaa: ubishi unaokufikia kwenye simu haukukufikia kwa bahati. Umechaguliwa kwa sababu una uwezo wa kukufanya uandike.

Kuhusu upatikanaji nitakuwa mfupi. Huduma huja na kuondoka. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa katika nchi nzima na haikurudi kwa takriban majuma matatu. Mwanzoni mwa Februari 2025, siku chache baada ya mji wetu kuingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, X na TikTok zilibanwa nchini. Mtu anayetaka kubishana nyakati hizo hutafuta njia za kuzunguka, na njia hizo hula mega zaidi. La kuchekesha ni kwamba nyakati ambazo huduma haipo ndizo nyakati ambazo uvumi huwa mwingi kuliko siku nyingine zote, kwa hiyo anayesema ubishi wa mtandaoni ndio chanzo cha uvumi ana kazi ya kueleza uvumi ule ulitoka wapi.

Sasa tuje kwa mpinzani unayepewa. Novemba 2025 X ilianza kuonyesha nchi au eneo ambako akaunti inaendeshewa, na mara moja ikaonekana kwamba akaunti kadhaa zilizojifanya za Wamarekani wazalendo zilikuwa zinaandikiwa katika mabara mengine. Kipimo hicho kinaweza kudanganywa na wenye kuficha njia zao, lakini kwa mtu wa Goma kina faida. Hata kabla yake nilikuwa na kipimo changu cha nyumbani: mtu anapodai kuwa yuko mjini na kwamba anajua kila risasi ilikotoka, namuuliza jambo ambalo mtoto wa shule wa Katindo angelijibu bila kufikiri, kwa mfano mtu anayetoka Signers kwenda Kituku anapita wapi. Asiyekuwepo hujibu kwa tusi au huhamia mada nyingine. (Mmoja aliyejibu barabara aliongeza na bei ya sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwani, ya asubuhi ile, nikajua ninabishana na jirani.) Wengi wa wapiga kelele wakubwa kuhusu Goma hawashindi mtihani huo, na nadhani si wote ni wabaya: baadhi ni watoto wa Kivu walioko ng'ambo, wenye uchungu wa kweli, ambao habari zao za mji zimesimama mwaka walioondoka.

Tunapenda kusema kwamba kukosa jina ndiko kunakowaharibu watu, kwamba mtu mpole akivaa kinyago anageuka mnyama. Alexander Bor na Michael Bang Petersen wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, waliuchunguza usemi huo kwa kuwahoji watu wa Marekani na Denmark, wakachapisha matokeo yao mwaka 2022. Waligundua kwamba wanaotukana katika siasa za mtandaoni ni wale wale wanaotukana ana kwa ana. Tofauti ni kwamba mtandaoni matusi yao yanaonekana na watu wengi zaidi. Ukifikiri kidogo utaona kwamba sisi tunalijua hilo. Yule mtu wa mtaani ambaye kila mazishi lazima agombane na wakwe, watu humzunguka, humpa kazi ya kutafuta kuni, na ugomvi wake huishia uani. Kwenye X hakuna wa kumpa kazi ya kuni. Kwa hiyo unapoingia kubishana hukutani na sura halisi ya watu wa nchi yako, bali unakutana na wagomvi wake waliochujwa na kuletwa pamoja mbele yako. Mteja anayetoka hapo akisema kwamba binadamu wameoza amepotoshwa na kifungashio.

Je, mpinzani hubadilika? Hilo ndilo tangazo kubwa la huduma hii, ingawa hakuna aliyelitamka: kwamba ukiwa na hoja nzuri na subira, mtu wa upande wa pili atakubali. Ushahidi wa kuliunga mkono ni mwembamba. Mwaka 2018 Chris Bail na wenzake walichapisha jaribio ambamo Wamarekani watumiaji wa Twitter, kama X ilivyoitwa wakati huo, walilipwa ili wafuate kwa mwezi mmoja akaunti iliyowaletea maoni ya upande wa kisiasa usio wao. Wafuasi wa Republican walitoka humo wakiwa wameshikilia msimamo wao zaidi kuliko walivyoingia, na wa Democratic hawakusogea upande wa wapinzani wao. Kumsomesha mtu maoni asiyoyataka, peke yake, hakukumlainisha.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walipata sura tofauti kidogo mwaka 2016, lakini walichunguza mahali maalumu: ukumbi wa ChangeMyView ndani ya Reddit, ambako anayeanzisha mada huingia akikubali tangu mwanzo kwamba yuko tayari kubadilishwa mawazo, na akibadilishwa hutoa alama ya kulikiri hilo. Hata huko, ambako milango imefunguliwa kutoka ndani, waliona kwamba kurudiana mara chache husaidia, lakini mabishano yakipita mizunguko mitano mpinzani karibu hana tena nafasi ya kumshawishi mwenzake. Waliona pia kwamba majibu yaliyoleta maneno tofauti na yale ya mwenye mada yalifaulu zaidi. Mimi naufasiri ugunduzi huo hivi: anayenakili kila sentensi ya mwenzake ili kuikanusha mstari kwa mstari anabaki ndani ya nyumba ya mwenzake, ilhali anayeleta jambo jipya humpa sababu ya kutoka nje kuangalia. Kwenye X, ambako hakuna aliyeingia kwa ahadi ya kubadilika, ningetarajia mizunguko ipungue. Kanuni yangu ni majibu mawili. La kwanza ni la kutoa habari, la pili ni la kujibu swali, kama kweli kuna swali. La tatu huwa ninaliandika kwa ajili ya nafsi yangu, na simu inalijua hilo kabla yangu.

Kuna utafiti mwingine unaostahili kutajwa kwa sababu unagusa kidonda chetu. Mwaka 2021 Dominik Hangartner na wenzake huko Uswisi walichapisha jaribio kuhusu watumiaji 1,350 wa Twitter waliokuwa wameandika maneno ya chuki dhidi ya wageni au watu wa rangi nyingine. Baadhi walijibiwa kwa mzaha, baadhi kwa onyo kwamba jamaa zao wangeweza kuyaona maandishi yale, na baadhi kwa maneno ya kuwakumbusha kwamba aliyetukanwa ni mtu na anaumia. Jibu la aina ya mwisho lilipunguza kidogo maneno ya chuki na kuwafanya baadhi wafute walichoandika. Mzaha na onyo havikuleta tofauti ya kutegemewa. Badiliko hilo ni dogo sana, na halionyeshi kwamba moyo wa mtu umegeuka, lakini tusi lililofutwa ni tusi ambalo mtoto wa mtu hatalisoma kesho.

Kama ningekuwa na ushahidi huo tu, ningetoa nyota moja na kuzima simu. Kinachonizuia ni yale niliyoyaona Mei 2021. Jumamosi tarehe 22, jioni, volkano ya Nyiragongo ilitoa lava bila onyo lililowafikia wakazi. Lava ilisimama pembezoni mwa mji, upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege, baada ya kuteketeza nyumba kwa maelfu. Zaidi ya watu 30 walifariki. Kisha yakaja matetemeko mfululizo na nyufa barabarani, na usiku wa manane kuamkia tarehe 27 gavana wa kijeshi akaamuru watu wahame mitaa 10 kati ya 18 ya Goma. Tangazo lenyewe lilisema kwamba magma imeingia chini ya mji na chini ya ziwa, na kwamba mlipuko wa nchi kavu au wa chini ya maji haungeweza kuondolewa kwenye uwezekano. Mamia ya maelfu ya watu wakaelekea Sake, Minova, Rutshuru na Gisenyi, wengi kwa miguu, simu zikiwa ndiyo redio na ndiyo serikali yao.

Akaunti zisizo na jina nilizokutana nazo siku zile ziligawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lilitangaza saa kamili ambayo Ziwa Kivu lingelipuka na kuua kila kiumbe hadi Bukavu. La pili lilisema kwamba hakuna lolote, ni hila ya kuwatoa watu majumbani ili waibiwe. Hapa ubishi ulikuwa na kitu cha kushika, tofauti na ubishi wa siasa, kwa maana yapo mambo yanayojulikana. Ziwa Kivu lina gesi kweli: takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methane zimeyeyuka katika maji yake ya kina, na upande wa Rwanda mtambo wa KivuWatt wenye megawati 26 umekuwa ukizalisha umeme kwa methane hiyo tangu 2016. Ni kweli pia kwamba Ziwa Nyos la Kameruni lilitoa gesi ghafla Agosti 1986, likaua watu wapatao 1,700. Aliyekuwa anatisha watu hakubuni kila kitu. Alichukua mambo ya kweli akayawekea saa ya kifo.

Jibu lililofaa, basi, halikuwa kumwita mwongo. Lilikuwa kueleza kwamba sehemu kubwa ya gesi imelala chini ya mita 260 hivi, ikishikiliwa na uzito wa maji ya juu na tofauti ya matabaka, na kwamba tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji huu huu ikaingia ziwani, watu wakitazama, na gesi haikupanda. Hilo halikuthibitisha kwamba haiwezi kupanda kamwe, na aliyetaka kujibu kwa uaminifu alipaswa kulisema pia, hata kama lilidhoofisha jibu lake. Lilitosha kutenganisha kile ambacho wataalamu walisema hakiwezi kuondolewa kwenye uwezekano na kile ambacho mtu mwenye picha ya simba alidai kitatokea saa kumi alfajiri. Watu wanaoamua kama wampakie mama mzee kwenye pikipiki usiku wanahitaji tofauti hiyo kuliko wanavyohitaji ushindi wa yeyote.

Mtangazaji wa saa ya kifo hakubadilika. Saa yake ilipopita akataja nyingine. Lakini chini ya majibizano, na zaidi katika ujumbe wa faragha, wakaanza kujitokeza watu ambao hawakuwa wameandika hata neno moja hadharani. Mama mmoja aliyefika Sake aliuliza kama ni salama kulala karibu na maji. Kijana mmoja alikuwa amechanganya mlipuko wa ziwa na mazuku, akiwa ameishauri familia yake itandike mikeka ndani ya bonde ili wimbi la gesi kutoka ziwani lipite juu yao. Hapo hofu ya kuwaziwa ilikuwa inawapeleka watu kwenye hatari iliyopo. Mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama mashimoni na mabondeni, hasa usiku na alfajiri upepo usipovuma, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa humwahi mtoto aliyelala na mbuzi aliyefungwa kabla ya mtu mzima aliyesimama. Eneo la Sake na kando za ziwa linaijua vizuri. “Mama, msilale bondeni, tafuteni mahali palipoinuka” ni maneno machache, na ndiyo maneno yenye faida kuliko yote niliyowahi kuyaandika katika mabishano. Nisingeyaandika kama yule mwenye saa ya kifo asingenichokoza, wala wao wasingejua wa kumuuliza kama nisingemjibu mbele ya watu.

Kwa hiyo mteja halisi wa ubishi ni yule anayesoma kimya. Hapigi makofi, hatoi alama ya kupenda, na mara nyingi hutajua kwamba alikuwepo. Ukimwandikia yeye, mtindo wako hubadilika wenyewe: unaacha kejeli, kwa sababu kejeli humlenga mpinzani, unataja tarehe na mahali, kwa sababu msomaji atataka kuulizia, unakubali kinachokubalika, kwa sababu msomaji naye amekwisha kukiona.

Wakati wa Ebola kazi hiyo ilikuwa ngumu zaidi. Mgonjwa wa kwanza alithibitishwa Goma tarehe 14 Julai 2019, karibu mwaka mmoja baada ya mlipuko kutangazwa Agosti 2018 huko Kivu ya Kaskazini, na hadi ulipotangazwa kwisha Juni 2020 watu 2,287 walikuwa wamekufa. Wasio na jina waliandika kwamba ugonjwa ni biashara na ni siasa. Ukiwajibu kwa kuwadhihaki ulikuwa umeshindwa kabla ya kuanza, kwa sababu msomaji wa Beni au Butembo alikumbuka vizuri kwamba mwishoni mwa Desemba 2018 upigaji kura katika maeneo yao uliahirishwa kwa sababu ya Ebola na usalama hadi Machi 2019, wakati ambapo rais mpya angekuwa amekwisha kuapishwa. Kutoamini kwao kulikuwa na mizizi. Jibu lililosomwa mpaka mwisho lilianza kwa kuikubali mizizi hiyo, kisha likaeleza chanjo inafanya nini. Sina hakika kama lilimshawishi yeyote. Ninachojua ni kwamba majibu mengine hayakusomwa kabisa.

Lazima niseme neno kuhusu usalama, kwa kuwa huduma hii haiji na maelezo ya tahadhari. Kanuni ya Kidijitali ya Kongo, sheria ya tarehe 13 Machi 2023, inaweka adhabu ya kifungo kwa anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu kupitia mitandao ya kijamii, na anayebishana kwa jina lake halisi ndiye rahisi kupatikana. Hilo ni dogo ukililinganisha na hatari ya mji ulio vitani. Mtu anayeandika kutoka Himbi au Majengo hajui ni nani anayesoma, na sijui mabishano hata moja yenye thamani ya kugongewa mlango usiku. Kwa sababu hiyo siwezi kujiunga na wanaotaka kila akaunti ilazimishwe kubeba jina la mwenyewe. Muuguzi anayeeleza kwamba dawa fulani imekwisha hospitalini, mwalimu anayesema shule yake imegeuzwa kambi, hao nao ni wasio na jina, na kinyago chao ni tofauti na kinyago cha mchokozi aliyekaa Ulaya. Kinachotenganisha wawili hao ni kama walichosema kinaweza kwenda kuulizwa mahali, na mtu asiye na jina anaweza kabisa kusema jambo la namna hiyo.

Zipo mada ambazo sizigusi hata kwa jibu moja. Ubishi wa nani ni mwenyeji wa Kivu na nani ni mgeni sijawahi kuuona ukizaa kitu isipokuwa matusi ya kabila, na katika sehemu zetu matusi hayo yana historia ya kutembea hadi mlangoni mwa mtu. Huko natumia kitufe cha kuripoti na kuondoka. Vivyo hivyo mahali walipo askari wa upande wowote, hata kama mpinzani amekosea kijiji. Anayekusahihishia ramani yako anaweza kuwa ndiye aliyekuwa anaitaka.

Bidhaa mbadala zipo, nazo si duni. Kundi la WhatsApp la mtaa au la likelemba (mchango wa fedha wa kupokezana) lina faida kwamba kila mmoja anajulikana, na anayeleta uongo leo atakutana nawe kesho kwenye foleni ya maji; hasara yake ni kwamba watu huogopa kumsahihisha Papa fulani mbele ya wote, hivyo sauti iliyorekodiwa na asiyejulikana husambazwa bila kupingwa kwa sababu ya heshima. Makundi ya wabishi wa kando ya barabara tunayoyaita parlement debout yana burudani isiyo na mfano, na hayali mega, lakini siku hizi watu huangalia nani amesimama nyuma yao kabla ya kufungua mdomo. Redio imebaki na nguvu zake: Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, husikika kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za taifa, na anayesikiliza hahitaji simu ya bei. Ndani ya X yenyewe kuna Community Notes, mfumo ulioanza kwa majaribio Marekani mwaka 2021 kwa jina la Birdwatch, ambamo maelezo ya kusahihisha huonyeshwa kwa wote pale tu wapimaji ambao kwa kawaida hawakubaliani wanapoyakubali kwa pamoja. Kwa mtazamo wangu hicho ndicho kipande bora cha huduma nzima, kwa kuwa kinabeba sahihisho bila kumpa mchokozi majibu ya kumnenepesha. Udhaifu wake ni kwamba huchelewa, na habari ya volkano haina subira.

Nyota zangu ni mbili kati ya tano, na zote mbili nimezitoa kwa ajili ya wale wanaosoma kimya. Anayetaka kumgeuza mpinzani asinunue. Anayenunua ili kupunguza hasira atarudi nyumbani akiwa nayo zaidi. Kwa anayejua jambo moja linaloweza kuulizwa mahali, na ambalo mtu anaweza kulitumia usiku huo huo kuamua alale wapi au ampeleke mtoto zahanati gani, huduma inafaa kwa dozi ndogo: jibu moja lenye tarehe na mahali, la pili kwa mwenye swali, arifa zizimwe, na ujumbe wa faragha uangaliwe asubuhi. Tatizo ni kwamba watu wa namna hiyo, wauguzi, walimu wa jiografia, wavuvi wa Kituku, wafanyakazi wa kituo chetu cha uangalizi wa volkano, ndio wenye muda mchache kuliko wote wa kuingia humo. Wangeonekana wengi zaidi, ningeongeza nyota ya tatu.